Kamera Nyeusi au ya Rangi ya Fedha?

Msomaji wetu, mpiga picha wa arusi anayeishi Masindi, anauliza:

"Mwalimu, salaam. Nimedunduliza mwaka mzima na sasa nataka kununua kamera iliyotumika, zile za siku hizi zisizo na kioo ndani. Duka moja la Kampala lina mbili za toleo lile lile, moja nyeusi na nyingine ya rangi ya fedha. Nyeusi imezidi kwa shilingi 200,000. Muuzaji anasema hiyo ndiyo ya kazi, ile nyingine ni ya watalii. Mwenzangu ninayefanya naye kazi anasema nyeusi itachemka juani, nichukue ya fedha. Mimi hupiga arusi na kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, na mara mbili tatu kwa mwezi wageni hunichukua kwenda hifadhi ya wanyama ya Murchison. Je, rangi ina maana yoyote? Halafu kuna mkoba wa kamera ninaoupenda sana, wa bluu wenye mikanda myeusi. Huo nao una shida?"

Mwanangu, nianze na lile unalolihitaji kwanza. Picha za kamera hizo mbili hutaweza kuzitenganisha hata uzikuze kwenye skrini pana kama mlango. Kihisi kinachonasa mwanga ni kile kile, prosesa ni ile ile, na lenzi utakayofunga ni hiyo hiyo yako. Rangi ya nje ni kanzu tu. Ukinilazimisha nichague nikiwa nimefumba macho, nitachukua ya fedha na laki mbili zangu zibaki mfukoni. Lakini kamera iliyotumika hainunuliwi kwa macho yaliyofumbwa, ndiyo maana jibu langu litakuwa refu kuliko swali lako.

Muuzaji wako hajakudanganya. Karithi tu maneno yaliyopitwa na wakati. Kamera za kwanza za Leica kuuzwa, mwaka 1925, zilikuwa nyeusi za kupakwa rangi. Miaka ya 1930 kromu ikaingia, ikaonekana haichubuki upesi, na kwa muda mrefu kamera ya kawaida ikawa ile inayong'aa, nyeusi ikabaki ya wenye sababu zao. Nikon F ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na rangi zote mbili, na nyeusi ndiyo iliyokuwa ghali. Walioitaka ni watu wa magazeti, ambao hawakupenda kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, aliibandika Leica yake utepe mweusi juu ya kromu, akaenda zake kazini. Huko ndiko "nyeusi ni ya kazi" ilikozaliwa, na wakati huo ilikuwa kweli.

Kisha ikaja plastiki. Canon AE-1 ya mwaka 1976, ambayo mpaka leo naletewa na vijana walioikuta kwenye sanduku la baba, ina kofia ya juu ya plastiki iliyovikwa kromu. Watu wameishika miaka arobaini wakiamini ni chuma. Miaka ya 1980 plastiki nyeusi ikatapakaa, na tangu hapo nyeusi ikawa rangi ya kila kamera, ya mwanafunzi na ya bwana mkubwa. Halafu upepo ukageuka tena. Fujifilm walipotoa X100 mwaka 2011 walianza na ya rangi ya fedha, nyeusi ikafuata baadaye. Nikon wakaleta Zfc mwaka 2021 yenye sura ya kamera za babu zetu. Siku hizi wapo vijana wengi wanaoitafuta ya fedha na kuipita nyeusi. Usimwambie tu muuzaji wako, asije akabadilisha vibandiko vya bei ungali mlangoni.

Hata hivyo muuzaji ana hoja moja ambayo hakuitaja, nayo ni macho ya mteja. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kupiga kwanjula upande wa Mukono na kamera ndogo ya rangi ya fedha, kwa kuwa kubwa yangu ilikuwa imelala mezani bila shata, lile pazia linalofyatuka kuruhusu mwanga. Nilifika mapema. Nikawapiga akina mama wakipanga vikapu, nikampiga binti akivalishwa gomesi, picha kama mia mbili. Ssenga wa binti, yaani shangazi yake, akanijia kwa upole akaniuliza, "Mwanangu, huyo mpiga picha anafika saa ngapi?" Nilicheka, lakini siku ile nilijifunza kwamba mtu anayelipa anataka kuona alicholipia. Kamera ndogo inayong'aa inafanana na ya mgeni aliyealikwa.

Dawa yake si kuongeza laki mbili kwa rangi, ila kuvika kamera. Funga flashi juu, funga hudi, ule mdomo wa plastiki unaozuia jua mbele ya lenzi, weka mkanda mpana, na ssenga yeyote ataona mpiga picha amefika. Na nikuambie upande wa pili wa siku ile ile: wale wazee waliokaa upande wa wakwe hawakukakamaa mbele ya kamera yangu ndogo. Walikuwa wakisukumana mabega na kucheka kama wasiopigwa picha. Familia ile ilichagua picha ya wazee wale kuwa ya ukutani. Kamera kubwa nyeusi ikielekezwa kwa mzee wa miaka themanini, mara nyingi utapata picha ya kitambulisho.

Sasa mwenzako na joto. Yeye ana fizikia upande wake, ila ameipeleka mbali kuliko inavyokwenda. Ni kweli kitu cheusi hunywa jua na cheupe hulirudisha. Ukiiacha kamera nyeusi juani kati ya kanisa na ukumbi, utausikia ule moto kwenye kiganja. Canon walianza kupaka lenzi zao ndefu rangi nyeupe tangu miaka ya 1970 kwa sababu hiyo hiyo: ndani yake mna vipande vya fluoraiti, madini angavu kama kioo ambayo hutanuka yakipata joto, na lenzi ndefu ikitanuka hata kidogo mahali pa fokasi pasogea. Ukifika Paraa, huko Murchison, utaziona lenzi hizo zikichungulia juu ya magari ya wageni kama vipande vya muhogo uliomenywa. Lakini jirani ya mgeni mwenye lenzi hiyo ameshika Nikon ndefu, nayo nyeusi tii. Nikon walitia fluoraiti kwenye lenzi yao ya milimita 800 mwaka 2013 na bado hawakuipaka chokaa. Jua la Murchison ni moja kwa wote wawili, na wote wanarudi na simba wao.

Bodi, yaani kiwiliwili cha kamera, haina kioo kirefu cha kutanuka. Joto linaloizima kamera hutoka ndani, kwenye kihisi na prosesa, hasa unaporekodi video. Canon R5 ilipotoka mwaka 2020, kiwanda chenyewe kilisema video ya 8K ingekwenda kama dakika 20, na hapo joto la mahali ni nyuzi 23. Nyuzi 23 hapo kwenu ni habari ya asubuhi, kabla chapati haijaiva. Kwa hiyo kama utarekodi hotuba za kwanjula, na unajua wasemaji wetu hawana breki, jua la nje litaongeza tatizo ambalo tayari liko ndani, na bodi ya fedha itakupa nafuu ndogo. Nafuu kubwa utaipata kwa taulo jeupe au leso iliyotupwa juu ya kamera, kwa kuifungua ile skrini ya nyuma isigusane na bodi, kwa kusimama chini ya hema, na kwa kutoiacha kamera kwenye dashibodi wakati dereva anakunywa chai Kigumba. Kama ni Sony, ingia kwenye menyu utafute mahali pa kuzima kwa ajili ya joto, upandishe kiwango kiwe cha juu. Wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani, halafu wanailaumu rangi nyeusi.

Utasikia pia kwamba joto linaleta chenga kwenye picha. Ni kweli: kihisi kikipanda joto kwa nyuzi sita hadi nane hivi, ule umeme unaovuja bila mwanga huongezeka takriban maradufu. Lakini hilo humsumbua anayeacha shata wazi kwa dakika nzima akipiga nyota. Wewe unayepiga bibi arusi kwa sehemu moja ya 200 ya sekunde hutaliona maishani.

Mahali ambapo rangi inaingia kwenye picha yenyewe, na hapa si muuzaji wala mwenzako aliyepagusa, ni kwenye vitu vinavyoakisi. Chukua mfano wa kupiga kupitia dirisha la gari. Tembo amesimama upande wako, dereva amekataa kushusha kioo, na wewe umeweka kamera umbali wa shibri moja kutoka kwenye kioo. Kila kitu cheupe au kinachong'aa upande wako kitajiona humo: kamera ya fedha, saa ya mkononi, kola ya shati. Kwenye picha utakuta wingu jepesi juu ya sikio la tembo na hutajua limetoka wapi. Bodi nyeusi inapunguza hilo. Lakini hudi ya mpira iliyobanwa kabisa juu ya kioo inaliondoa lote, hata kama kamera yako ni ya waridi.

Pete ni mtihani mkubwa zaidi. Ukisogea karibu na pete ya dhahabu inayong'aa, umejipiga picha wewe, dari na kila kilichomo chumbani. Lenzi yenye pete za fedha mbele itajichora kama mstari mweupe kwenye dhahabu. Hali ni hiyo hiyo kwa chupa za soda, masufuria mapya ya zawadi, na miwani ya padri. Ninachofanya mimi ni kubeba kadibodi nyeusi niliyoitoboa tundu la ukubwa wa lenzi. Naishika mbele ya kamera, pete inaona giza tupu, kazi imekwisha. Kadibodi hiyo ilikuwa ubavu wa boksi la viatu.

Kama unatafuta rangi inayoharibu picha, tazama shati lako kabla ya kamera. Niliwahi kuingia kanisani na shati la rangi ya chungwa, jipya, nikiona nimependeza. Nikainama karibu na keki nikapiga kwa flashi iliyogonga ukuta wa nyuma yangu ikanirudia. Upande mmoja wa keki ulitoka mweupe, wa pili ukatoka kama umepakwa juisi ya embe, na shela ya bibi arusi vivyo hivyo. Nilikaa siku mbili kwenye kompyuta nikiisafisha. Tangu hapo nina mashati ya kazi matatu, yote ya kijivu, na mke wangu anasema nimekuwa kama askari wa zamu.

Kuna weusi mmoja ambao ni lazima uwe mweusi, nao ni wa ndani. Chumba kilicho nyuma ya lenzi, koo la lenzi, upande wa ndani wa hudi, vyote vimepakwa weusi usiong'aa ili mwanga uliopotea njia ufe huko huko. Nakutajia kwa sababu wapiga picha wengi wa hapa wanafunga lenzi za zamani kwa adapta (pete za kuunganishia) za bei rahisi, na nyingi ya adapta hizo zimepakwa weusi unaong'aa kama kiatu kilichopigwa dawa. Mwanga ukiingia unagonga kuta hizo, picha inatoka imefubaa, kana kwamba kuna moshi. Chungulia ndani ya adapta ukielekea dirishani. Ukiona mwale umelala kwenye ukuta wake, rudisha au ibandike kitambaa cheusi chenye manyoya. Kwa jambo hili ningelipa laki mbili bila kunung'unika.

Wanyama nitawapita haraka. Wanyama wengi wanyonyeshao huona rangi chache kuliko sisi. Tembo na nyati hawatajua kamera yako ni ya fedha, watajua umesimama ghafla na umepiga kelele. Sokwe na gorila wanaona rangi karibu kama wewe, ila kinachowaudhi ni flashi, nayo imekatazwa. Ndege ndio wenye macho makali kutushinda, wanaona hata mionzi ya urujuani usioonekana kwetu. Lakini korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu, amesimama kwenye mafunjo ya Nile akimngoja kamongo, anaogopa mtumbwi uliokwenda kasi, hana habari na bodi. Mng'ao wa jua juu ya kromu unaweza kumshtua ndege aliye karibu. Kipande cha utepe mweusi kinatosha, mwulize Cartier-Bresson.

Rangi moja tu ndiyo nakukataza kabisa, nayo ni mabakamabaka ya jeshi. Ughaibuni wanauza vifuniko vya lenzi vya rangi hizo, na wageni wengine huja navyo na hata kuvigawa wanapoondoka. Sheria yetu ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, ya mwaka 2005 haina mzaha na raia mwenye vitu vya jeshi, na kwenu ili kwenda kaskazini unapita Karuma, ambapo askari wa daraja hawataki hata kuiona kamera yenyewe, iwe nyeusi, iwe ya fedha. Usijiongezee la kueleza. Na ikifika msimu wa kampeni, chagua mkanda wa kamera usio wa rangi za vyama, usio mwekundu, wa njano, wala wa bluu, kama unataka kupiga arusi za pande zote.

Turudi dukani, maana huko ndiko pesa zako zitakakookolewa au kuzama. Kwenye kamera iliyotumika rangi ni shahidi, na nyeusi ni shahidi mkweli kuliko ya fedha. Bodi nyeusi ya magneziamu ikichubuka inaonyesha chuma cha kijivu. Mikwaruzo yote inaonekana kama chaki ubaoni. Ya rangi ya fedha inaficha: mkwaruzo wa chuma juu ya fedha hauonekani mpaka uigeuze-geuze chini ya taa. Kama fedha hiyo imepakwa juu ya plastiki, tafuta nukta nyeusi au za kijivu kwenye pembe, ndiko rangi inakokwisha kwanza. Kwa hiyo zikiwa mbili mezani na nyeusi ikaonekana imechoka zaidi, usiamini upesi. Huenda zimefanya kazi sawa, moja imekiri na nyingine imenyamaza.

Tazama sehemu nne ambazo hazidanganyi. Reli ya juu inayoshika flashi: ikiwa imelika mpaka imeng'aa, hiyo kamera imepiga arusi nyingi. Kitako: mikwaruzo ya mviringo ni ya bamba la tripodi. Vile vijicho vya kufungia mkanda: vikiwa na mfereji, mkanda umesugua miaka. Na mpira wa mshiko: ukiwa unanata au umeinuka pembeni, umekunywa jasho na jua. Sasa linganisha na rangi. Ukikuta reli imelika vibaya lakini bodi nyeusi inang'aa kama imetoka kwenye boksi leo, mtu ameipaka upya au amebadilisha gamba. Angalia herufi: za kiwandani huwa na kingo kali, za kubandika huinuka ukipitisha ukucha. Angalia vichwa vya skrubu: rangi ikiwa imeingia kwenye mifereji yake, brashi ilipita baada ya skrubu kufungwa. Wapo pia wanaoziba michubuko kwa kalamu nene ya wino mweusi. Omba ruhusa, sugua pembe moja kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha kitazame kitambaa.

Kamera iliyopakwa upya si lazima iwe mbovu. Mimi mwenyewe nimepaka nyingi. Ila aliyeifungua alikuwa na sababu, na unataka kuijua sababu hiyo kabla ya kutoa noti. Soma namba ya utambulisho chini ya kamera, kisha piga picha moja, uitazame faili yake kwenye kompyuta. Kamera nyingi huandika namba hiyo ndani ya faili. Namba zikitofautiana, kitako kimetoka kwa marehemu mwingine. Kifuniko cha betri chenye weusi tofauti kidogo na wa bodi kinasema hivyo hivyo.

Rangi inaweza kukuambia hata nchi ilikotoka. Wajapani wanapenda kamera nyeupe, za waridi, za kahawia, rangi ambazo nyingine hazikuuzwa sana kwingineko. Ukimwona muuzaji ana Sony ya rangi ya kipekee, iwashe uingie kwenye lugha. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida zina Kijapani peke yake, hakuna Kiingereza cha kuchagua. Kuna kijana aliniletea yake akiniomba "nimfungulie Kiingereza". Alikuwa amekariri menyu kwa mahali, kama mtu anayetembea nyumbani kwake umeme umekatika, na alikuwa anapiga picha nzuri tu, lakini siku aliyogusa pasipo alikaa na arusi mkononi na kamera isiyomwelewa.

Mengine unayajua au utayafanya kwa dakika kumi. Toa lenzi, washa tochi, tafuta nyuzi za ukungu kama utando wa buibui. Hapa kwetu na unyevu huu ndio ugonjwa unaoua lenzi. Irudishe lenzi, punguza tundu lake hadi f/16, upige mbingu au ukuta mweupe, madoa ya kihisi yatajitokeza. Uliza shata imefyatuka mara ngapi, na usikubali jibu la mdomo. Nyeusi ikiwa na hesabu ndogo na ukungu hakuna, na ya fedha ikiwa imepiga harusi mia nne, basi lipa hiyo laki mbili ukijua umelipia shata, hukulipia weusi. Kama zimelingana, ichukue ya fedha. Ukiichoka au mteja akiisema, zipo stika za kuvisha bodi nzima, za kukatwa kwa kipimo, na jioni moja inakuwa nyeusi. Ukitaka kuiuza unazibandua na chini yake rangi iko vile vile. Kinachobaki kwenye laki mbili nunua betri ya pili na kadi ya akiba. Betri za kamera hizi hazifiki jioni ya kwanjula.

Jambo moja la Murchison ambalo litakula rangi yoyote utakayochagua: dawa ya kufukuza mbu yenye DEET. Inalainisha plastiki na mpira, inakula rangi, inafuta maandishi. Nimeona bodi nyeusi yenye alama za vidole vitano zilizozama kama kwenye udongo mbichi, na mwenyewe alikuwa akiapa hakuiangusha popote. Jipake, nawa viganja, ndipo ushike kamera.

Na sasa ule mkoba. Ukiingia hifadhini utaona vitambaa vimening'inizwa kando ya barabara, vya bluu na vyeusi. Hiyo ni mitego ya mbung'o. Mbung'o huvutwa na bluu kutoka mbali, akifika hutua kwenye nyeusi, ndiyo maana mitego ikashonwa hivyo, kwa dawa juu yake. Mkoba wako wa bluu wenye mikanda myeusi ni mtego uliokamilika, umekosa dawa tu, na wewe ndiye unayeuvaa mgongoni. Arusini ubebe, umependeza. Siku za Murchison uache Masindi, uchukue wa kaki.